Vidole Viwili vya Rangi

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Walipovuta kitambaa kilichoifunika, wageni wakapiga makofi, mkurugenzi wa hospitali akatabasamu mpaka magego yakaonekana, na mwanamke aliyechorwa mle, ambaye mwenyewe alikuwa amesimama mstari wa tatu na sare yake ya chumba cha kufulia, akauliza kwa sauti, "Hivi vidole ni vya nani?"

Waliomsikia walicheka. Walidhani ni utani wa mama wa watu anayeona haya kujiona ukutani. Utani wapi! Mama Pasi ana vidole vinane, na hilo si siri kwa mtu yeyote anayelipwa mshahara pale; wengine wao ndio waliomfunga bandeji siku yenyewe. Mkono wake wa kulia una dole gumba, cha shahada na cha kati, basi. Cha pete na cha mwisho vililiwa na mashine miaka minne iliyopita. Sasa yule mwanamke wa ukutani, mwenye kilemba chake, taya lake, hata lile kovu dogo juu ya jicho, alikuwa ameshika shuka kwa vidole vitano laini, vinono, utafikiri hajawahi kuosha hata kikombe.

Ngoja nikueleze Mama Pasi ni nani, maana usipomjua utasema ni mgomvi tu. Mgomvi ni mgomvi, sikatai. Alishamrudishia daktari mmoja koti lake likiwa na doa la wino vile vile, na kikaratasi kimebandikwa kifuani: "Kalamu ina kifuniko." Lakini huyo daktari ndiye aliyemletea shati la harusi la mdogo wake lilipomwagikiwa mchuzi, kwa sababu hakuna mtu mle ndani anayejua madoa kama yeye. Damu, ayodini, ile dawa ya zambarau ya vidonda, mafuta ya mashine, yote anayajua kwa harufu. Hafuti kitu kabla hajauliza kimetoka wapi na kimekaa siku ngapi. Aliingia chumba kile cha kufulia binti yake akiwa hajaota meno, akapangiwa kazi kwenye meza ndefu ya kupigia pasi, na jina la Mama Pasi likatoka hapo hapo. Kwa pasi hiyo alimsomesha binti mpaka chuo cha ukatibu, na binti akaajiriwa ghorofani, hospitali ile ile, sekretari wa mkurugenzi. Mama alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Sasa nikueleze mashine, iliyomla vidole mwaka mmoja kabla binti hajaajiriwa. Mashine ya mashuka si pasi ya nyumbani, usichanganye. Ni rola mbili ndefu kuliko kitanda, zina moto mkali, zinazunguka zikimeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili. Wanaolisha ni wawili, kila mmoja na pembe yake ya shuka. Mbele ya rola kulikuwa na kinga, chuma chembamba kinachokwenda urefu wa mashine nzima. Mkono ukikigusa tu, rola zinasimama. Kero yake ni kwamba ilisimama hata kwa upuuzi. Pindo likikunjana, inasimama. Shuka likiwa na fundo, inasimama. Mkurugenzi huyu alipoteuliwa alitaka mashuka yatoke haraka, akamwita fundi, fundi akaifungua kinga akaiegemeza ukutani. "Kwa muda tu," akasema. Muda wenyewe ndio huo unaendelea.

Siku ya kumi na tisa bila kinga, kamba ya gauni la mgonjwa, imelowa chapachapa, ilijisokota kwenye vidole viwili vya Mama Pasi ikaingia navyo. Mwenzake wa pembe ya pili, wanayemwita Jirani kwa kuwa wamesimama ubavu kwa ubavu miaka kumi na minane, ndiye aliyeizima mashine. Kesho yake ripoti ilikuwa tayari. Ilisema "uzembe wa mfanyakazi". Walimletea kitandani, kichwa bado kizito kwa dawa, akatia saini kwa mkono wa kushoto. Uzembe! Mtu ameng'olewa vidole na chuma walichokifungua wao wenyewe, halafu mzembe ni yeye. Miezi mitatu baadaye alirudi kwenye rola zile zile, maana kazi nyingine hakupewa, na tangu siku hiyo kila asubuhi kabla hawajawasha anaiangalia mikono ya Jirani kama mama anayehesabu watoto wakati wa kuvuka barabara.

Aliandika barua tatu kuomba kinga irudishwe. Zote tatu ziligongwa muhuri wa "Imepokelewa". Huo muhuri ndio jibu.

Basi hospitali ilipomleta mchoraji awachore wafanyakazi, picha moja itundikwe ukumbi wa mapokezi, na mchoraji akashuka kwenye mvuke wa chumba cha kufulia kutafuta sura, wenzake wote walikimbilia nyuma ya mapipa. Mama Pasi akajifuta jasho akasogea mbele. "Nichore mimi," akasema. "Lakini mkono huu uwe mbele. Mbele kabisa. Ukiuficha, sikai."

Si kwamba alipenda kutazamwa. Aliwaza hivi: barua wanaifungia kwenye droo, lakini picha kubwa kama mlango wataifungia wapi? Kila mgonjwa, kila mgeni, kila mfadhili akipita pale atauliza, jamani, mama huyu vidole vyake vimeenda wapi? Na atakayeulizwa itabidi ajibu. Siku tisa alikaa kwenye kiti muda wake wa chakula, shuka bichi begani, mkono mbele, shingo inamuuma, njaa inamuuma. Mchoraji alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya mwisho alimshika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Asante, mama." Akaichukua picha kwenda kuimalizia kwake, na hakuna aliyeiona tena mpaka siku ya sherehe.

Sasa unaelewa kwa nini hakuwa anatania.

Alisogea mpaka mbele ya picha. Na ukweli usemwe, mchoraji alikuwa fundi. Uzito wa shuka bichi ulionekana, lilivyolala begani na kumvuta upande mmoja, kile kiuno alichokitupa kando ili kulibeba, ambacho mumewe marehemu alikuwa akikicheka. Mvuke ulikuwa mvuke. Macho yalikuwa ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Kwa kitambo kidogo moyo ulimjaa, akasahau hasira, akajiambia, kumbe niko hivi. Kisha jicho likarudi kwenye mkono na hasira ikarudi mara mbili. Chini ya fremu kulikuwa na kibao kinachong'aa: "Mikono Isiyochoka."

Wageni walikuwa na vikombe vya chai na maoni. Mama mmoja mwenye miwani alisema anaona amani. Bwana mmoja alisema anaona uvumilivu wa akina mama, na akarudia uvumilivu mara tatu, kama anauza.

"Mimi naona uongo," Mama Pasi akasema.

Mkurugenzi alimshika bega, kwa upole ule wa kumsukuma mtu mlangoni. "Mama Pasi, sanaa si picha ya kitambulisho. Msanii ana uhuru wake."

Mchoraji alikuwa amesimama karibu na mlango wa kutokea, anaangalia viatu vyake. Mama Pasi alipogeuka kumtafuta, hayupo, hata chai hajanywa. Ahaa, akasema moyoni, mwizi hasubiri kikombe. Siku tatu alimlaani mchoraji yule kila aliposhika shuka. Jirani akamwambia, "Shoga, achana nayo, ni rangi tu." Akamjibu, "Rangi? Rangi inatoka."

Na hapo hapo akasimama na shuka mkononi, maana alikuwa amejipa jibu.

Alhamisi saa sita mchana, ukumbi wa mapokezi umejaa watu na foleni ya dirisha la kadi imepinda mpaka nje, Mama Pasi aliweka stuli chini ya picha akapanda. Mfukoni alikuwa na pamba na chupa ndogo ya tapentaini, dawa ya kutolea rangi, kutoka kabati lake la madoa. Hakuna aliyemuuliza. Aliyevaa sare na kushika kitambaa haonekani. Angeweza kuondoka na ukuta. Nia yake ilikuwa moja, aviondoe vile vidole, pabaki pengo, pabaki kipara, wageni waulize kuhusu kipara.

Alianza pembeni, kama sheria ya kazi inavyosema: jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Pembeni rangi ilikuwa ngumu, haikusogea. Akashangaa. Akagusa kidole cha mwisho, akapapasa kwa mzunguko mdogo, bila kukandamiza, na pamba ikatoka na rangi ya kahawia mara moja. Akasimama. Doa likitoka upesi hivyo ni jipya, limekaa juu ya kitu. Watu wa kazi nyingine wangeendelea kusugua. Yeye alibadilisha pamba, akaenda taratibu, na kidole kikayeyuka kuanzia ukucha kushuka, na chini yake haukuwa ukuta wala kitambaa kitupu.

Chini yake ulikuwepo mkono wake.

Ulikuwa umechorwa wote. Ile ngozi iliyovutika ikang'aa pale vidole vilipoishia. Ule mshono uliokwenda kombo kwa sababu daktari wa zamu alikuwa na haraka. Hata dole gumba lilivyonenepa tangu lianze kufanya kazi ya vidole vitatu, kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiona mpaka alipokiona pale juu ya stuli. Mtu alikuwa ameuangalia mkono ule kwa makini, bila kusikitika na bila kukwepa, akaweka kila kitu mahali pake. Miaka minne watu walikuwa wakimpa mikono ya kushoto kumsalimu ili wasiuguse. Alilia. Alilia kwa sauti, juu ya stuli, mbele ya foleni nzima ya kadi, na mwenye mtoto mgongoni akamshika miguu asianguke.

Aliposhuka alikuwa bado analia lakini hasira ilikuwa imeshahama nyumba. Kama mchoraji aliuchora vile, nani aliuziba?

Alimpigia mchoraji kwa simu ya Jirani. "Mama, nisamehe," mchoraji akasema. "Nilikuchora kama ulivyo. Picha ilishakauka. Ikaja barua kutoka ofisini, niongeze vidole au wasiipokee. Nina watu wanaonitegemea. Nikaongeza."

"Saini ya nani?"

"Mama..."

"Nimekuuliza saini ya nani!"

"Imeandikwa kwa niaba ya mkurugenzi. Ni ya sekretari wake."

Kikulacho ki nguoni mwako, na miaka yote hiyo yeye kazi yake ni nguo. Alimrudishia Jirani simu, akarudi kwenye rola.

Asubuhi iliyofuata binti alishuka mwenyewe. Miaka mitatu amefanya kazi ghorofani, hakuwahi kukanyaga chumba cha kufulia. Alikuwa akimwita mama yake kwa simu wakutane getini. Aliingia na blauzi nyeupe na sketi ya kazi, akichagua pa kuweka viatu kwenye sakafu yenye maji, na mkononi ana barua. Rola zilikuwa zinanguruma, Mama Pasi na Jirani wanalisha.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikiwa. Kwa mama huyu, salamu isiyoitikiwa ni kofi.

"Mama, nisikilize. Mkurugenzi anasema umeharibu mali ya hospitali. Hii barua inasema unaomba radhi na picha itarekebishwa. Ukitia saini yanaisha, hata mshahara haukatwi. Nimemsihi sana."

"Umemsihi," Mama Pasi akasema. Akalisha shuka, akachukua jingine. "Na vidole, ulimsihi pia?"

Binti akaangalia chini. "Nilitaka uonekane mzima, mama. Watu wote wanapita pale. Sikutaka wakuonee huruma."

"Mimi ni mzima! Nilikulea nikiwa na kumi, nakushinda nikiwa na vinane! Usinidanganye, nimekuzaa mimi, najua ukidanganya unavyokunja mdomo. Sema."

Machozi yalimlengalenga binti. "Mkurugenzi alisema wafadhili wakiona ule mkono wataanza kuuliza habari za mashine. Akasema niandike mimi, kwa sababu ni mwanao, ikijulikana itaonekana familia ndiyo imeomba. Nina miaka mitatu tu pale, mama. Ningesema nini?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na barua zangu tatu?"

"Mimi ndiye niliyezigonga muhuri."

Jirani aliachia pembe yake, shuka likaingia limepinda. Mama Pasi alimgeukia binti. Alitaka kumpiga, tuseme ukweli, na angekuwa mdogo angempiga. "Nilikaa siku tisa na njaa," akasema. "Si ili nionekane mzuri. Nilikaa ili huyu," akamwonyesha Jirani, "siku moja asiende nyumbani kama mimi. Na wewe ukanipaka rangi. Haya. Unataka saini? Njoo hapa kwanza. Jirani, mpishe."

"Mama, sijui hiyo kazi."

"Haina kujua. Si mmeona haihitaji kinga? Si kinachoumiza ni uzembe tu? Wewe si mzembe, una cheti. Shika pembe."

Binti aliweka barua juu ya kikapu, akashika pembe ya shuka bichi kwa vidole vyake vilivyopakwa rangi ya kucha. Akanyoosha mikono. Joto likampiga usoni. Shuka likashikwa, na yeye akafanya kosa ambalo kila mgeni wa rola hulifanya: badala ya kuachia, aliling'ang'ania ili lisipinde. Rola hazijali heshima ya mtu. Zilimvuta hatua moja, ya pili, viatu vikateleza, mikono ikaenda mbele, na rola zikawa shubiri moja kutoka kwenye kucha zake. Akapiga kelele. Akaachia, akaangukia ubavu wa mashine, mkono ukapapasa mpaka ukagonga swichi nyekundu.

Rola zikasimama. Chumba kile, ambacho hakijawahi kunyamaza saa za kazi, kikanyamaza, na shuka likabaki nusu ndani nusu nje likifuka moshi.

Binti alibaki ameinama, anaangalia mikono yake, anaigeuza juu chini. Simu ya ukutani ikalia, Jirani akapokea, akasikiliza, akasema, "Chumba cha upasuaji. Wanataka mashuka, wana mgonjwa anasubiri."

"Yale makavu ya jana yapo kwenye kabati la pili, wapelekee hayo," Mama Pasi akasema. "Yatawatosha mpaka saa nne." Mgonjwa hana kosa. Kisha akamwambia binti, "Washa, tuendelee na kazi."

Binti akanyoosha kidole kwenye swichi. Kidole kikasita hewani. Akakirudisha.

Viatu vikasikika kwenye ngazi. Mkurugenzi alishuka mwenyewe, tai imekaa upande, ameshika simu, na nyuma yake msimamizi wa wodi. Aliona rola zimesimama, akaona mashuka mabichi yamerundikana, akaona barua juu ya kikapu imeanza kulowa. Hakuuliza ya barua. "Nani amezima mashine?"

Jirani alifungua mdomo, na kwa kumfahamu, alikuwa anataka kusingizia umeme. Mama Pasi alijikohoza ajitaje yeye. Liwalo na liwe.

"Mimi," binti akasema.

Mkurugenzi akamtazama kama hajamsikia. "Wewe unafanya nini huku? Washa hiyo kitu. Hospitali nzima inasubiri."

"Haiwaki mpaka kinga irudishwe." Sauti ilimtetemeka, akarudia tena kwa nguvu ili isitetemeke. "Na barua ya vidole niliiandika mimi, uliniagiza wewe, nakala ninayo. Atakayeniuliza nitamwonyesha."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, bosi."

Simu ya ukutani ikaanza kulia tena na safari hii hakuna aliyekwenda kuipokea. Hapo ndipo binti alipohisi kitu kimembana kiunoni. Akageuza shingo. Mama yake alikuwa amemshika mshipi wa sketi kwa nyuma, amemshika kwa dole gumba na vidole viwili, kitambaa kimejikunja kwenye ngumi ile mpaka nyuzi zimekatika. Hakuwa amemshika sasa hivi. Alikuwa amemshika tangu kabla shuka halijaingia.

"Usidhani nimekusamehe," Mama Pasi akamwambia sikioni, anapumua kwa hasira, na mkono hakuuachia.